Paipu ya oili ya injini ya boti: usiunge shaba moja kwa moja

Kwa wenye boti za injini ya dizeli ya ndani: paipu ya oili inayotoka kwenye injini kwenda kwenye geji au kipoza oili kilichofungwa ubavuni mwa boti isiwe shaba mwanzo hadi mwisho. Injini inatikisika, ubavu umetulia, na shaba ikipindwapindwa hukakamaa hadi ipasuke, mara nyingi nyuma tu ya nati, ufa mwembamba ambao huuoni mpaka oili ianze kuruka. Weka kipande cha mpira wa haidroliki wenye waya ndani (umeandikwa R1 au R2 ubavuni), ncha zikiwa zimebanwa kwa mashine, na uuache ulegee kidogo. Mafundi wanaotengeneza mipira ya matrekta na magreda wanakukatia kwa urefu unaotaka. Klipu za kukaza kwa bisibisi ziachie mipira ya maji: asubuhi oili ikiwa baridi na nzito, presha hupanda kuliko injini ikishapata moto. Na ule mpira wa plastiki unaong'aa, hata kama ni bei rahisi, hulainika kwa joto na kuchomoka.

Mpira nao una mipaka yake. Mingi ya aina hiyo inavumilia kama nyuzi 100 tu, kwa hiyo mpira ukipita karibu na ekzosi utaungua. Hapo tumia paipu ya chuma, na mpira uanzie mbele kwenye ubaridi. Ukiuinamisha ukaona nyufa juu, badilisha.