Kabla hujameza, linganisha boksi na vidonge

Ndugu zangu wa Dar, ukinunua dawa, iwe Kariakoo au duka la mtaani, omba uone boksi lake hata kama unakatiwa vidonge vichache. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda kwenye boksi na kwenye karatasi ya vidonge lazima zifanane. Juzi mama mdogo kaleta boksi la 2027, vidonge ndani 2025!

Stika inayong'aa isikutulize, nayo hughushiwa. Kama boksi lina kimraba cha vidoti, kiskani kwa simu: tarehe ya kuisha muda huja mara baada ya namba "17", ikianza mwaka, kisha mwezi na siku, mfano 17270630 ni 30 Juni 2027. Ikitofautiana na iliyochapwa, usimeze. Tunza boksi na risiti, toa taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.