Kuvua sulisuli Watamu ukitokea Nairobi: mambo ya kujua kabla hujalipa boti

Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia kuisha hapa Nairobi watu huanza kuniuliza safari ya kuvua inapangwaje, na mimi huwa naanza na upepo kabla ya bei. Kaskazi ikiingia, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, maji ya pwani yanakuwa safi na sulisuli wanasogea, yule samaki mwenye tanga mgongoni na mdomo kama mkuki. Nduaro, ambao ni wakubwa zaidi, wanatafutwa sana kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu. Kusi ikianza kupiga bahari inachafuka na boti nyingi zinatolewa majini zikarekebishwe, kwa hivyo ukiambiwa njoo mwezi wa sita kuna ofa nzuri, jiulize kwa nini. Kama ni jodari unataka, hao nenda kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi. Mimi napenda katikati ya mwezi wa kwanza, watu wa Krismasi wameshaondoka, boti zinapatikana, na nduaro wameanza kuonekana.

Boti za kuvua namna hii ziko Malindi, Watamu, Kilifi, na kule kusini Shimoni kwenye mkondo wa Pemba. Nazungumzia Watamu kwa sababu ndio nimeizoea. Usilipe depositi kwa mtu ambaye hajakutajia jina la boti na hajakupa nafasi ya kuongea na kapteni mwenyewe. Mwaka mmoja nilimtumia dalali M-Pesa, nikafika ufuoni saa kumi na mbili asubuhi na wenzangu watatu, boti yenyewe ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine na simu ya dalali imezimwa. Iliniuma sana, kwa sababu wale wenzangu mimi ndio niliwaalika. Siku hizi nauliza kapteni maswali yangu moja kwa moja: mafuta yamo kwa bei? leseni ya uvuvi je? redio inafanya kazi, makoti ya kujiokoa yanatosha watu wote? na samaki akipatikana ni wa nani? Kapteni mzuri hakasiriki ukimuuliza, anakujibu moja moja. Mkiwa wanne mnagawana gharama na kila mtu anapata zamu yake kwenye rodi, ile fimbo ya kuvulia.

Fika siku moja kabla, tafadhali. Najua kuna mtu anafikiria apande basi la usiku kutoka mjini, ashuke Gede alfajiri, apande boti hapo hapo. Usifanye hivyo. Kukosa usingizi kunafanya kulewa bahari kuwe kubaya zaidi na ukishalewa uko maili kadhaa nje hakuna mtu atakurudisha kwa ajili yako peke yako. Nunua dawa famasi ukiwa bado Nairobi na muulize mfamasia namna ya kuitumia, nyingi zinafanya kazi vizuri ukimeza mapema kabla hujaanza kusikia chochote. Asubuhi kula kitu kikavu, mkate au mahamri, usiende na tumbo tupu, na pombe ya jana yake iache kabisa. Ukiwa ndani ya boti kaa nje penye hewa, mbali na moshi wa dizeli, angalia pale mbingu inapokutana na maji na simu uiweke mfukoni. Nguo si lazima ununue za bei, shati jepesi la mikono mirefu la Gikomba linatosha, kofia ya kufunga kidevuni na miwani ya kukata mng'ao wa maji.

Sasa tuje kwenye yenyewe. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo iko tangu 1968, hakuna kuvua, kwa hivyo boti inavuka mwamba mpaka maji ya buluu ndio mishipi inashushwa na mnaanza kurambaza, chambo vikiburutwa nyuma. Mara nyingi chambo ni chuchunge, samaki mdogo mwembamba, analala juu ya maji akirukaruka kama mzima. Saa mbili, tatu zinaweza kupita bila kitu. Alafu baharia anapiga kelele, unaangalia nyuma, unaona mdomo mweusi mwembamba umetoka majini nyuma ya chambo unakipiga huku na huku.

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanampoteza. Mwili wako wote utakwambia vuta. Usivute! Sulisuli kwanza anampiga chuchunge kwa mdomo, alafu ndio anageuka kumeza, ukivuta wakati anapiga unamnyang'anya chakula tu. Baharia atafungua rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye rodi, mshipi uende wenyewe, kidole gumba kikiwa kimegusa kidogo ili usije ukajisokota, na atasema "muache ale, muache." Hesabu pole pole moja mpaka tano. Ndoana nyingi siku hizi ni za duara, zinajishika zenyewe kwenye kona ya mdomo, kwa hivyo hakuna kupiga rodi juu kama vile tunaona kwenye video. Unasukuma leva ya breki taratibu mpaka pale alipoonyesha kapteni, unazungusha, mshipi unakaza, rodi inapinda, na yeye anaruka. Mara yangu ya kwanza niliona tanga limefunguka lote, buluu inayong'aa, nikaogopa ataondoka nikasukuma leva mpaka mwisho. Mshipi ulikatika paa, kama kiberiti.

Kwa hivyo ikishafika pale alipoonyesha kapteni, breki usiiguse tena. Akikimbia muache akimbie, mshipi ukitoka hiyo ndiyo kazi ya rili, wewe pumzika. Akisimama, inua rodi polepole bila kuzungusha, alafu ishushe huku unazungusha kukusanya ule mshipi uliopata, inua tena, shusha tena. Tumia miguu na mgongo, mikono peke yake itaisha dakika ya kumi.

Akifika ubavuni, mwachie. Watamu kuna African Billfish Foundation, na boti nyingi humuwekea samaki alama ndogo ya namba kwenye nyama ya bega kabla ya kumuachia, ili akivuliwa tena mahali pengine ijulikane amesafiri mpaka wapi. Ukitaka picha, muache majini ujiinamishe wewe. Kumpandisha kwenye boti kunamuumiza na akirudishwa mara nyingi hana nguvu tena. Baharia anamshika mdomo akiwa amevaa glavu, manake ule mdomo unakwaruza kama msasa, na boti inaenda polepole maji yapite kwenye matamvua. Niliwahi kushika mimi mwenyewe, mwanzoni alikuwa mzito na rangi imefifia ya kahawia, alafu buluu ikaanza kurudi mgongoni, mkia ukapiga mara moja nikasikia mpaka begani. Hapo ndio unaachia.

Wa kula ni nguru, jodari au fulusi, na hao hupatikana njiani wakati mnatafuta sulisuli. Mkikubaliana na kapteni mchukue kipande, mwambie akikate minofu pale pale, kipakie kwenye kontena yenye barafu nyingi na chumvi kidogo juu ya barafu, ufunge kwa selotepu kabla ya kupanda basi la kurudi Nairobi. Kichwa cha nguru usikiache, supu yake na ndimu na pilipili mbuzi inatosha nyumba nzima.