Umeacha shule na huna cheti? Anzia hapa mdogo wangu

Usikimbilie cherehani kwanza. Najua kila mtu anakwambia kajifunze ushonaji au saluni na sio mbaya, ila hebu hesabu mtaani kwako mafundi cherehani wako wangapi, halafu hesabu wasichana wanaojua kufunga umeme wa nyumba, kutengeneza friji au kuchomelea, ndo utanielewa.

Kama uliacha kwa sababu ya mimba jua kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi wa hivyo kurudi darasani, kwa hiyo mtu asikutishe. Ukiona umri umeenda kuna QT, yaani mtihani wa maarifa, ukifaulu unajisajili kufanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Hutaki madaftari tena? Kuna VETA, yaani vyuo vya ufundi vya serikali, na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi (FDC), viko 54 nchi nzima na watu wengi hawavijui kabisa wakati vingine vina hadi sehemu ya kulea watoto, yaani mama yuko karakana na mtoto yuko hapohapo chuoni. Ukienda kuulizia usiulize ada tu, uliza na overoli, vifaa vya mazoezi, hela ya mtihani na hosteli, maana hivyo ndo vinakwamishaga watu katikati ya kozi.

Na kama kazi unaijua tayari, umejifunzia gereji au jikoni kwa mama ntilie, usianze upya. VETA wana urasimishaji ujuzi, wanakupima, wanakuongezea pale ulipopungukiwa, unapewa cheti.

Sasa mtaji. Achana na kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, narudia, achana nayo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mnaenda kama kikundi, sio peke yako, kwa hiyo namba ya NIDA ifuatilie mapema na wenzako wafuatilie za kwao, muandike katiba yenu, halafu mumuone afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye ndo atawaelekeza kusajili. Kazi ngumu hapa sio fomu ni kuchagua watu, mmoja asiporejesha mnadaiwa wote. Yule rafiki yako anayekopa hadi vocha mpende tu, ila kikundini asiingie.