Shoo ya selo peke yako, muziki wa Baroki: anza na waya wa juu

Wengi wakitaka kuandaa shoo ya selo (ile fidla kubwa inayopigwa umekaa) peke yao, yaani bila piano wala mtu yeyote wa kukusindikiza, wanaanza kuchagua nyimbo wanazozipenda halafu mengine ndo yanafuata. Mi nasema anza na waya wa A, ule wa juu kabisa kwa sauti. Kwenye muziki wa Baroki, ule wa Ulaya wa kama 1600 mpaka 1750, huo waya ndo unaamua kipi kianze, kipi kifuate na mapumziko yakae wapi, na ukiupuuza utajikuta mbele ya watu unazungusha kigingi cha kukazia waya huku wao wanaangalia saa. Nachukulia kwamba selo tayari unaipiga, pozisheni za juu huziogopi, na kati ya swiiti 6 za selo (mifululizo ya ngoma) za mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach, ya kwanza angalau ushaipitia.

Hatua ya 1: panga programu kwa kufuata tuning

Kawaida nyuzi za selo zinatuniwa, yaani zinakazwa, C, G, D, A, kutoka chini kwenda juu. Ila swiiti ya 5 ya Bach, ile ya C maina (BWV 1011, namba yake kwenye orodha ya kazi za Bach), waya wa A unashushwa mpaka G, unabaki na C, G, D, G. Utamu uko hapa sasa. Kule Bologna, Italia, kwenye kanisa la San Petronio, ndiko walikofanya kazi baadhi ya watu wa mwanzo kabisa kuiandikia selo muziki wa kupigwa peke yake, na tuning hiyohiyo walikuwa wanaitumia, ndo maana ricercari 7 (vipande vifupi vya selo peke yake) za Domenico Gabrielli, mmoja wao, za mwaka 1689 leo wapigaji wengi wanazipiga hivyo. Kwa hiyo Gabrielli na swiiti ya 5 vinakaa nusu moja bila kugusa kigingi.

Mpangilio wangu: nusu ya kwanza ricercari mbili tatu za Gabrielli, halafu swiiti ya 5, ambayo ni kama dakika 25 ukirudia sehemu zote. Mapumziko. Nusu ya pili kapricho ya 1 (kipande huru) ya Joseph dall'Abaco, mpigaji selo na mtunzi wa karne ya 18, halafu swiiti ya 3 ya C meja. Inafika kama saa moja ya muziki na hiyo inatosha, selo peke yake zaidi ya hapo watu wanachoka hata kama hawatakwambia.

Kwa nini tuning ya ajabu ianze? Kwa sababu waya ukiushusha unapenda kupanda wenyewe taratibu, na ukiupandisha unapenda kushuka, kwa hiyo unaushusha G tangu jana yake, unalala hivyo, kesho yake umetulia. Mapumziko unaupandisha A, unaupitiliza kidogo, unaurudisha. Na hiyo kapricho ya dall'Abaco nimeiweka pale makusudi, ni fupi, inaupa waya muda wa kutulia kabla ya swiiti ya 3, maana ile preludi, sehemu yake ya kufungulia, inaanza kwa kuteremka ngazi nzima mpaka C ya chini ambayo ni waya mtupu, na hapo ukiwa umetoka kidogo tu kila mtu anasikia.

Swiiti ya 6 iache kwanza. Iliandikwa kwa chombo cha nyuzi 5, ukiipiga kwa nyuzi 4 unashinda kule juu karibu na daraja usiku kucha.

Hatua ya 2: chombo

Sio lazima ununue selo ya Baroki. Ukiweza kukopa upinde wa Baroki, kopa, huo ndo unabadilisha mambo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ni mwepesi kwenye ncha na noti inakufa yenyewe bila wewe kuilazimisha. Huna? Shika upinde wako wa kawaida juu kidogo ya pale ulipozoea.

Nyuzi za utumbo wa kondoo ni tamu ila zinanyonya unyevu, kwa hiyo ukipiga Mombasa au Dar wakati wa masika ujue utatuni mpaka ukome. Kwa mazingira hayo weka utumbo juu tu, A na D, huku chini weka zilizozungushiwa waya, au baki na chuma zako na usione aibu. Tuning ya A kwa hezi 415, yaani nusu toni chini ya 440, inasaidia chombo kupumua, na ukiwa peke yako hakuna wa kukubishia. Ule mguu wa chuma wa chini, utoe au uache, mi sioni ugomvi.

Hatua ya 3: karatasi

Swiiti za Bach hatuna kwa mkono wake mwenyewe, asilia ilipotea. Tulichonacho ni nakala 4 za karne ya 18, maarufu ni ya mke wake Anna Magdalena na ile ya Johann Peter Kellner ya 1726, na hizo hazikubaliani kuhusu legato, yaani noti zinazoungwa kwa mvuto mmoja wa upinde, zinaanzia wapi na kuishia wapi. Nakala zote zinapatikana bure intaneti kama picha, zipakue, kaa na penseli, uamue mwenyewe upinde uende vipi KABLA hujaanza kukariri, kwa sababu mkono ukishazoea kuubadilisha ni kazi kweli.

Kwa swiiti ya 5 una bahati, kwa sababu Bach mwenyewe aliiandika tena kwa ajili ya luti, chombo cha nyuzi kama gitaa (BWV 995), na hiyo ya mkono wake tunayo. Kodi (noti kadhaa kwa pamoja) na mapambo yakikuchanganya, chungulia kule. Halafu angalia toleo lako: kwenye maandishi ya zamani noti za waya wa juu zimeandikwa kana kwamba bado ni A, kidole unaweka palepale ulipozoea ila sauti inatoka toni moja chini. Wiki ya kwanza kichwa kinauma, sikio linasikia hiki jicho linaona kile, vumilia tu.

Hatua ya 4: mazoezi yenyewe

Kila siku anza na besi. Toa noti zote za juu, piga zile za chini tu zinazobeba wimbo, mpaka usikie zinavyotembea. Kama umetokea kwenye taarabu ya Zanzibar, ambako selo inasaidia kushikilia chini huku fidla zinaimba, hapa uko mbele ya wenzio. Baada ya besi rudisha vya juu, na kodi zivunje kutoka chini kwenda juu, usizikandamize zote kwa mkupuo.

Hizi ni ngoma za kuchezwa, jamani. Kuranti, gavoti, bourrée, jigi, simama utembee hatua zake ukiimba. Sarabande (ngoma ya polepole) ya swiiti ya 5 ndo inayotisha, haina kodi hata moja, mstari mmoja tu unapanda na kushuka, na hapo kishawishi cha kuongeza vibrato, yaani kutikisa kidole ili sauti itetemeke, ni kikubwa mno. Usiongeze. Acha upinde ufanye kazi. Rekodi za swiiti hizi za mpigaji selo Pablo Casals za 1936 mpaka 1939 zisikilize kwa ajili ya moyo, ila upinde wake usiuige.

Sehemu za kurudia, mara ya kwanza piga kama ilivyo, ya pili ongeza trili (noti mbili zinazopishana haraka) au noti za kupitia.

Hatua ya 5: ukumbi na siku yenyewe

Kanisa la mawe ni zuri, ila sauti inakaa muda mrefu, kwa hiyo haraka zote punguza. Piga makofi katikati ya ukumbi usikilize. Maikrofoni kataa kama watu hawazidi mia. Taa za moto zisiwe juu ya kichwa chako, zinakausha nyuzi.

Kwenye begi beba waya wa A wa akiba ambao ushavutwa siku chache kabla, rozini, kitambaa na mkasi. Jukwaani, kati ya ngoma na ngoma usishushe upinde kabisa, ubaki hewani ili watu wajue bado, ukimaliza jigi ndo unaushusha na watapiga makofi wenyewe.