Kusasisha programu dhibiti ya simu bila kufuta vilivyomo

Wateja wengi wanaotuletea simu karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma, huogopa kusasisha programu dhibiti (firmware, yaani programu ya msingi inayoendesha simu) wakidhani kwamba picha na namba zao zitafutika, ilhali sasisho linalotumwa na mtengenezaji kupitia intaneti huacha taarifa za mtumiaji kama zilivyo. Hatari kubwa iko pale simu inapoflashiwa, yaani kuwekewa upya programu hiyo, kwa kompyuta.

Hata hivyo, anza na nakala rudufu. Hakikisha kila namba imehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, kwa kuwa iliyo kwenye simu pekee hupotea simu ikifutwa, na mkulima wa zabibu wa Hombolo aliyekusanya namba za wanunuzi kwa misimu mingi hatakuwa na pa kuzitafuta. Picha zihamishie kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha uitoe kadi hiyo. Gumzo za WhatsApp zihifadhi kupitia mipangilio yake. Salio la pesa za simu haliguswi, ila meseji za miamala zimo ndani ya simu, nazo zihifadhi. Kumbuka pia nywila ya Google, maana simu ikifutwa itaidai kabla ya kukubali kutumika.

Chaji ifike walau asilimia 50, ili umeme ukikatika kazi isiishie njiani. Fungua Mipangilio, tafuta sehemu ya sasisho la programu, pakua, kisha iache simu ijizime na kujiwasha yenyewe bila kugusa kitufe chochote.

Ikibidi kutumia kompyuta, kwanza bonyeza *#06# uandike IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kisha linganisha modeli ya simu na ya faili la programu dhibiti herufi kwa herufi. Kwa Samsung, kwenye Odin (programu ya kompyuta ya kuflashi Samsung), nafasi iliyoandikwa CSC iwekee faili linaloanza na HOME_CSC. Lile linaloanza na CSC pekee huirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Kwa simu za chipu ya MediaTek, zikiwemo Tecno na Infinix nyingi, kwenye SP Flash Tool (programu ya kompyuta ya kuflashi simu hizo) chagua Download Only na ujiepushe kabisa na Format All + Download, inayoweza kufuta hata IMEI, na simu ikabaki bila mtandao. Ukimpelekea fundi, muulize atatumia faili lipi au chaguo lipi kati ya hayo kabla hujamwachia simu.