Kwenda kusoma ng'ambo na mwenza: mpango kwa wanaotoka Mtwara na Lindi

Wengi hutafuta chuo kwanza, kisha wakishapata udahili ndipo huulizia habari za mke au mume. Geuzeni mpangilio huo. Karatasi za mwenza ndizo zinazochelewa, na tarehe ya kuripoti chuoni haisubiri mtu.

Hatua ya 1: Hakikisheni nchi inampokea mwenza

Uingereza, kwa masomo yaliyoanza Januari 1, 2024 na baada ya hapo, imefunga mlango kwa wenza wa wanafunzi wa uzamili wa darasani. Wanaoruhusiwa ni wenza wa wanafunzi wa uzamivu au programu nyingine za juu za utafiti, na wa wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi 6. Wakala anayewaahidi vinginevyo msimpe fedha. Kanada, tangu Januari 2025, mwenza hupata kibali huru cha kazi (kisichomfunga kwa mwajiri mmoja) iwapo mwanafunzi anasoma uzamili wa miezi 16 au zaidi, uzamivu, au baadhi ya shahada za kitaaluma. Ujerumani kwa kawaida humtaka mwenza afaulu Kijerumani ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, kabla ya viza, kwa hiyo aanze kusoma hata kabla udahili haujatoka.

Hatua ya 2: Cheti cha ndoa, na majina

Ndoa iliyofungwa nyumbani mbele ya sheikh na mashahidi bila fomu kujazwa inajulikana mtaa mzima, lakini ubalozini haina ushahidi. Rudini kwa aliyewafungisha mpate cheti, kisha hakikisheni ndoa imesajiliwa. Kama amefariki, nendeni kwa msajili wa ndoa wilayani pamoja na mashahidi waliokuwepo. Picha za harusi zinasaidia, ila hazishiki nafasi ya cheti. Wanaopanga kufunga bomani wakumbuke kwamba taarifa ya ndoa hutolewa siku 21 kabla.

Kisha tandikeni mkekani vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, pasipoti na cheti cha ndoa, msome herufi kwa herufi. Hamis na Hamisi, Mohamed na Mohamedi, au jina la babu lililo kwenye karatasi moja na halipo kwenye nyingine: kwa anayekagua viza hao ni watu wawili. Tofauti ya herufi mara nyingi humalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina tofauti kabisa linahitaji hati ya kubadili jina. Sahihisheni NIDA kwanza, pasipoti baadaye, kwa kuwa Uhamiaji hufuata taarifa za NIDA. Mkitanguliza pasipoti mtalipa shilingi 150,000 mara mbili.

Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Fedha, na msimu wa korosho

Fedha ya korosho huingia kwa mkupuo baada ya minada, kuanzia Oktoba, nayo maombi ya viza kwa masomo ya Septemba hufanyika katikati ya mwaka. Fedha ikitolewa Januari na kurudishwa Juni, taarifa ya benki itaonyesha kiasi kikubwa kilichotokea ghafla, na mtaulizwa kimetoka wapi. Iacheni itulie. Tunzeni stakabadhi za ghala na karatasi za malipo za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kwa sababu ndizo zinazoeleza chanzo.

Kwa Uingereza, mwenza peke yake huonyesha pauni 680 kwa mwezi nje ya London, au 845 ndani ya London, hadi miezi 9. Hiyo ni pauni 6,120 au 7,605, juu ya fedha za mwanafunzi mwenyewe. Zikae benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya. Wekeni ziada, maana shilingi ikiyumba salio linapungua bila ninyi kugusa kitu. Akaunti iwe ya mwanafunzi au ya mwenza. Mjomba akitaka kuwasaidia, na huku kwetu mara nyingi ndiye mwenye kauli, ahamishie fedha kwenu mapema. Akaunti yake haitakubaliwa.

Ada ya huduma za afya ya Uingereza, pauni 776 kwa mwaka kwa kila mmoja, hulipwa wakati wa kuomba. Wengi huisahau kwenye bajeti.

Hatua ya 4: Safari ya Dar

Pasipoti mnaiombea Uhamiaji mkoani. Alama za vidole na kipimo cha kifua kikuu (Uingereza hukitaka kwa wanaokaa zaidi ya miezi 6, na cheti chake hudumu miezi 6) ni Dar es Salaam. Pangeni miadi ya wote wawili siku zinazofuatana. Msisafiri usiku wa kuamkia miadi, hasa wakati wa masika: Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara maeneo ya Somanga na magari yakakwama. Fikeni siku mbili kabla.

Viza zikitoka, kagueni tahajia na tarehe za kila moja kabla ya kukata tiketi. Vyeti halisi mvibebe mkononi ndani ya ndege, na nakala muwaachie nyumbani.