Kuokoa disketi ya Commodore 64 inayogoma kusomeka

Disketi ya inchi 5.25 iliyoandikwa kwa kiendeshi cha Commodore 1541, cha kompyuta ya zamani ya Commodore 64, ikigoma leo, wengi huitupa. Mara nyingi data bado imo. Kinachoimaliza ni pupa: inaingizwa ikiwa chafu, kisha mtu anaanza kuiandikia. Kwangu kanuni ni moja: disketi asilia haiandikiwi chochote, matengenezo yote ni kwenye nakala.

Hatua ya 1: Ziba pengo, kisha kagua

Ubavuni kuna pengo dogo la mraba. Libandike karatasi ya gundi isiyopitisha mwanga, na kiendeshi hakitaweza kuandika. Kama mwenyewe alikata pengo la pili ili atumie upande wa nyuma, ziba yote mawili.

Sasa shika tundu la katikati, izungushe disketi taratibu huku ukimulika dirisha lake kwa taa. Madoa meupe au ya kijivu ni kuvu. Disketi yenye kuvu usiiingize kamwe: uchafu unaganda kwenye kichwa cha kusomea, unakwangua safu ya sumaku, na disketi inayofuata inaumia vilevile. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, pangusa bila kukandamiza, pande zote mbili, uiache ikauke kabisa.

Hatua ya 2: Kiendeshi kwanza

Zima umeme, fungua kifuniko, safisha kichwa kwa alkoholi hiyohiyo. Katika 1541 kichwa kiko chini. Juu kuna kipedi laini tu, usikiloweshe. Jaribu kwanza na disketi usiyoijali. Kiendeshi hiki hakina kihisi cha traki ya kwanza (traki ni pete moja ya data kwenye disketi), hugongesha kichwa ukutani ili kijue kilipo, na kugonga huko kwa miaka huweza kukihamisha. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu disketi, ijaribu kwenye kiendeshi cha pili.

Hatua ya 3: Uliza kosa ni lipi

Andika LOAD"$",8. Taa ikipepesa, andika NEW, kisha programu hii, halafu RUN:

10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,C,D
30 PRINT A;B$;C;D
40 CLOSE 15

Namba ya kwanza ni kosa, mbili za mwisho ni traki na sekta, yaani kipande kimoja cha traki. Kosa 23 maana yake data imesomwa lakini jumla yake ya uhakiki hailingani. Hapo matumaini ni makubwa. Kosa 20 ni utambulisho wa mwanzo wa sekta kutoonekana. 21 ni kukosa alama za usawazishaji, na likijitokeza kila mahali shuku kiendeshi kabla ya disketi.

Hatua ya 4: Toa nakala

Ninatumia ZoomFloppy, kifaa cha kuunganisha kiendeshi kwa USB, pamoja na programu za OpenCBM kwenye kompyuta ya kisasa:

d64copy 8 nakala.d64

Faili kamili ina baiti 174,848, yaani sekta 683 za baiti 256. Ukikuta 175,531, kila sekta imeongezewa baiti moja ya kuonyesha makosa. Usitumie chaguo la -b kama unatafuta faili zilizofutwa, kwani hunakili sekta zinazohesabiwa kuwa zinatumika tu. Nakili tena na tena. Sekta iliyogoma mara ya kwanza hukubali baadaye. Kisha tengeneza nakala ya nakala, ufanyie kazi hiyo.

Hatua ya 5: Orodha ya faili

Orodha iko traki ya 18. Kwenye kihariri cha heksadesimali (programu ya kuona na kubadilisha baiti za faili kwa namba za msingi wa 16), sekta yake ya kwanza ya majina (18/1) inaanza 0x16600. Kila faili ina baiti 32, na ya tatu kati ya hizo ni aina. Faili iliyofutwa huwa na 00 hapo, lakini jina na mahali pa kuanzia vimebaki. Rudisha 82 kwa programu au 81 kwa faili ya mfuatano. Ukiona 02, faili haikufungwa vizuri. Ibadilishe iwe 82 kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Mnyororo uliokatika

Hapa ndipo kazi ilipo. Baiti mbili za mwanzo wa kila sekta hutaja traki na sekta inayofuata. Traki ikiwa 00, faili imeishia hapo. Sekta moja ikifa, njia ya kwenda mbele imepotea nayo. Lakini 1541 ina mazoea: huruka sekta 10 kila mara. Katika traki ya 17 yenye sekta 21, faili huenda 0, 10, 20, 8, 18, 6. Sekta ya 10 ikiwa imeharibika, itazame 20: kama haitajwi na sekta nyingine yoyote na yaliyomo yanaendana, andika 11 14 mwanzoni mwa sekta ya 10, yaani 17 na 20 kwa heksadesimali. Baiti 254 za sekta ile zimepotea, ila faili iliyobaki imepona. Barua au orodha ya BASIC huenda ikasomeka ikiwa na shimo. Mchezo wa lugha ya mashine huenda ukakwama.

Hatua ya 7: Validate, sasa tu

Pakia nakala kwenye VICE, programu inayoiga Commodore 64, kisha:

OPEN 15,8,15,"V0":CLOSE 15

Amri hii hufuata minyororo yote, huandika upya ramani ya sekta, na hufuta faili zisizofungwa. Ndiyo maana imewekwa mwisho. Fungua kila faili uliyookoa, na zikikubali, iandike nakala kwenye disketi nyingine kwa d64copy nakala.d64 8.